Mkataba wa Miezi Saba, Mwaka Mmoja wa Chuo

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi, na ndiye seta, yaani mpangaji wa mipira kwa washambuliaji, wa timu ya voliboli ya chuo chake. Miezi michache iliyopita wakala mmoja alimtumia mkataba wa klabu ya Ulaya. Msimu mmoja, Oktoba hadi Aprili. Nyumba ya kuishi, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, na mshahara wa mwezi ambao mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, hajawahi kuushika. Tangu siku hiyo ukoo mzima una la kusema. Dada yangu anasema mpira hauna cheti. Kocha wa chuo anasema bahati haiji mara mbili. Babu yake mdogo alipiga simu kutoka Lamu kuuliza binti atavaa nini uwanjani, na nilifurahi kwamba kuna mtu aliyeuliza jambo lenye jibu. Nilimweleza kuwa Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na hijabu yake, mikono na miguu imefunikwa, na hakuna mwamuzi aliyemzuia. Akaridhika.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimefundisha voliboli katika shule za sekondari za Pwani kwa miaka mingi, na zaidi ya hayo ni mjomba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeulizwa kuliko wote. Nimekaa na jambo hili, nimelisoma, nimelijadili na mwenyewe mhusika usiku mwingi kwenye WhatsApp, na sasa naliandika kwa ajili ya wazazi, makocha na wachezaji ambao watakutana nalo. Watakutana nalo, maana mabinti wetu wanazidi kuonekana.

Nilipokuwa nawasikiliza jamaa zangu, niliona kila mmoja anatoa mfano wa mchezo mwingine. Huyu anamtaja mwanasoka aliyeacha shule akawa tajiri, yule anamtaja mkimbiaji aliyeshinda mbio moja akanunua shamba. Voliboli haifuati kalenda ya michezo hiyo, na pesa zake si kama zao. Ukitaka kuliona hilo waziwazi, itazame familia moja ya Marekani.

Jermaine O'Neal, mchezaji wa mpira wa kikapu, alimaliza sekondari Columbia, South Carolina, mwaka 1996, akachukuliwa na timu ya Portland Trail Blazers bila kupita chuoni hata siku moja. Alipoingia kiwanjani mara ya kwanza, na miaka yake 18, hakukuwa na mchezaji mdogo kuliko yeye aliyewahi kucheza mechi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mwaka 2003 alitia saini na Indiana Pacers mkataba wa miaka saba wa dola milioni 126. Mtu wa namna hiyo ukimwambia angemaliza chuo kwanza, unamwambia nini hasa? Mkataba mmoja umewatosha yeye na wajukuu wake.

Binti yake Asjia alichagua voliboli. Akaenda Chuo Kikuu cha Texas, akacheza kama mzuiaji wa kati. Amefanyiwa upasuaji wa moyo mara mbili maishani mwake, na kila mara akarudi uwanjani. Akashinda ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2022, akaurudia mwaka 2023, na wakati huo alikuwa mwaka wake wa sita chuoni. Desemba hiyo hiyo ya 2023, ligi mpya ya kulipwa iliyoitwa Pro Volleyball Federation ilimchagua wa kwanza kabisa, akaenda Columbus Fury. Ligi hiyo ilitangaza mshahara wa chini wa dola 60,000 kwa msimu. Ni pesa nzuri. Lakini haifiki hata robo ya robo ya kile baba yake alichopata kwa mwezi mmoja akiwa Indiana.

Baba aliruka chuo, binti alikaa chuoni mpaka nafasi ya mwisho ikaisha. Naamini wote wawili walipiga hesabu sawasawa, kila mmoja kwa mchezo wake. Katika voliboli, hata ukiwa bora kabisa, mkataba unalipa msimu. Msimu ukiisha unatafuta mwingine. Mchezaji wa kiwango cha kati Ulaya anaweza kubadilisha klabu kila mwaka kwa miaka kumi, na kila Mei hajui Oktoba atakuwa nchi gani.

Marekani penyewe palichukua muda kupata ligi ya kulipwa. Tarehe 30 Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Nebraska kilipeleka mechi ya voliboli ya wanawake kwenye uwanja wake wa kandanda ya Kimarekani, wakaja watazamaji 92,003. Mechi ya wanafunzi! Hata hivyo, kwa miaka mingi wasichana waliomaliza vyuo hivyo walilazimika kwenda Italia, Uturuki au Puerto Rico kutafuta mshahara, kwa sababu nyumbani hakukuwa na ligi ya maana ya kulipwa. Sasa zipo, na zimewekwa Januari baada ya msimu wa vyuo kwisha Desemba. Mchezaji wa mwaka wa mwisho anaweza kushuka jukwaani akiwa mwanafunzi na mwezi unaofuata akawa analipwa. Baadhi yao hupanga masomo yao mapema ili wapate shahada Desemba badala ya Mei. Kalenda imewapa njia. Kwetu mabinti hawana kalenda ya aina hiyo. Msimu wa Ulaya unaangukia katikati ya mihula yao miwili, na hakuna aliyekaa chini kuwapangia.

Sitaki ionekane kwamba anayeondoka mapema hupotea. Mmarekani Matt Anderson alicheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Penn State, mwaka 2008 akaiongoza kuchukua ubingwa wa vyuo, na badala ya kurudi kwa mwaka wa nne akaenda Korea Kusini kuchezea Hyundai Capital. Baadaye Italia, kisha miaka mingi Zenit Kazan ya Urusi, ambako alishinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya zaidi ya mara moja. Ana medali mbili za shaba za Olimpiki, Rio 2016 na Paris 2024. Kwa kipimo chochote, alifaulu.

Lakini mwaka 2014, akiwa kileleni, akilipwa vizuri, mmoja wa washambuliaji bora duniani, alisimama. Alisema wazi kuwa ana huzuni nzito na upweke wa kuwa mbali na nyumbani, akaondoka Kazan kwa muda. Alirudi baadaye na akaendelea kushinda. Namheshimu sana kwa kulisema hilo hadharani, kwa sababu limenipa maneno ya kumwambia mpwa wangu ambayo kocha wake hakumwambia. Mkataba unasema nyumba ipo. Hausemi utakaporudi kwenye hiyo nyumba saa nne usiku baada ya kufungwa seti tatu bila, ni nani atakayekuuliza umekula nini. Yeye amekua katika ua wenye nyumba tatu, na mlango wa nyanya yake haufungwi mchana.

Nilimwuliza, "Mama, utaweza?"

Akajibu, "Sijui, mjomba. Wodini usiku pia niko peke yangu na nimeweza." Jibu hilo lilinikalisha kimya kwa muda.

Mfano ninaoupenda kuliko wote unatoka Japani, na nashangaa haujulikani zaidi huku kwetu. Yuki Ishikawa alizaliwa Okazaki mwaka 1995. Mwaka 2014 alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chuo, Tokyo (ndilo jina lake hasa), Modena ya Italia ilipomwita. Modena ni miongoni mwa klabu kubwa za mchezo huu. Hakuacha chuo, wala hakuikataa Modena. Alikwenda kwa miezi michache, akawa kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Italia mapema 2015, akarudi Tokyo darasani na kwenye timu ya chuo chake. Msimu wa 2016/17 na ule uliofuata alifanya hivyo tena, safari hii klabu ya Latina, huko huko Italia: anamaliza mashindano ya vyuo vya Japani mwishoni mwa mwaka, ndipo anapanda ndege kuungana na klabu iliyokwisha kuanza msimu. Mwaka 2018 akahitimu, na hapo ndipo alipotia saini kama mchezaji wa kulipwa kamili, na Siena. Kisha Padova, kisha Milano miaka minne, kisha Perugia, ambako Mei 2025 alibeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Ndiye nahodha wa taifa lake.

Mjapani mwenzake, Ran Takahashi, alifuata njia hiyo hiyo. Alicheza Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 19, mwanafunzi bado, na mwishoni mwa 2021 akajiunga na Padova bila kukata masomo yake.

Kinachonivutia hapa si kwamba vijana hao ni hodari. Hodari tunao. Kinachonivutia ni kwamba watu wazima waliketi pamoja. Chuo kilikubali kumwachia mchezaji wake bora kwa miezi. Klabu ya Italia ilikubali kupokea mchezaji nusu ya msimu na kumrudisha. Kocha wa chuo hakusema "ukiondoka usirudi", na kocha wa klabu hakusema "ukirudi usije tena". Kijana wa miaka 19 hawezi kuyapanga hayo peke yake. Akipewa chaguo mbili tu, sisi wakubwa ndio tumeshindwa kutengeneza la tatu.

Sasa nije Kenya, maana hapa neno "kulipwa" lina sura yake, na ndiyo sehemu ambayo watu wa nje hawaielewi. Timu zetu kubwa za wanawake ni za waajiri: KCB ni benki, Kenya Pipeline ni kampuni ya mafuta, Kenya Prisons ni Magereza, DCI ni wapelelezi. Binti akisajiliwa na Magereza anaingia kazini. Anavaa sare, ana cheo, ana mshahara wa serikali, na goti likikataa akiwa na miaka 29 bado ni askari. Nimewaona wasichana waliotoka kijijini moja kwa moja baada ya kidato cha nne wakajenga nyumba za wazazi wao kwa mshahara huo, kisha wakasoma diploma jioni wakiwa kazini. Mtu akiniuliza kama msichana wa namna hiyo angekataa ajira ili amalize chuo kwanza, namwambia hapana, achukue, mradi ipo barua ya ajira yenye saini na siyo ahadi ya mdomo ya kocha. Kazi ya kudumu yenye mpira ndani yake ni kitu ambacho hata Wamarekani wengi hawana.

Na ndio walioibeba Kenya. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamekuwa mabingwa wa Afrika mara kumi, mara ya mwisho Yaoundé mwaka 2023 walipoifunga Misri kwenye fainali. Wamekwenda Olimpiki mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris. Tokyo na Paris walipoteza mechi zote kwa seti tatu bila, na iliniuma kuwaona, kwa sababu najua jinsi timu nyingine zilivyojaa wachezaji wanaocheza ligi ngumu kila wiki mwaka mzima. Mwaka 2025 kwenye Mashindano ya Ubingwa wa Dunia huko Thailand waliifunga Vietnam seti tatu bila. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Ili tupate siku nyingi kama ile tunahitaji mabinti zaidi wanaokwenda nje kucheza, na siwezi kumwambia mpwa wangu asiende huku natamani Kenya ishinde. Hilo nimemwambia waziwazi pia, ajue mjomba wake anavutwa pande zote mbili.

Lakini mkataba wake haukuwa wa Magereza wala wa benki. Ulikuwa wa msimu mmoja, nchi ya mbali, klabu ambayo hakuna mtu tunayemjua aliyewahi kuichezea. Alinitumia kurasa zake kwa simu. Nilizisoma nikiwa nimevaa miwani, nikikuza maandishi kwa vidole viwili, mstari baada ya mstari. Siku za kwanza kumi na nne ni za majaribio, klabu inaweza kumrudisha bila malipo zaidi. Mshahara umeandikwa bila kusema kama ni kabla ya kodi au baada. Wakala anachukua asilimia kumi, jambo la kawaida, lakini haikuandikwa anaichukua kwa nani. Klabu ina haki ya kuongeza msimu wa pili kwa masharti yale yale. Mchezaji hana haki ya kukataa. Nilikuwa naandika maswali yangu kwenye karatasi nilipopata ujumbe wake wa sauti.

"Mjomba, angalia ile ya bima. Wanasema watalipia matibabu ya dharura. Kano ya mbele ya goti ikikatika, siku ya kwanza watakupa barafu na dawa ya maumivu, hiyo ndiyo dharura. Upasuaji wenyewe unapangwa baadaye, mtu anatembea na magongo anasubiri tarehe. Sio dharura. Watanirudisha nyumbani na goti bovu, na mazoezi ya kulirejesha ni miezi tisa hivi. Nani atalipa?"

Nilirudia kukisoma kifungu kile. Mimi mwalimu wa michezo, niliyeshuhudia magoti yakienda mbele ya macho yangu, nilikuwa nimekipita. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu alikiona.

Tukamwandikia wakala: bima ijumuishe upasuaji na ukarabati, kodi ielezwe, haki ya msimu wa pili iwe ya pande zote mbili. Tukauliza pia juu ya cheti cha uhamisho wa kimataifa cha FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, kwa sababu bila cheti hicho mchezaji hachezi mechi rasmi hata moja nje ya nchi yake, na shirikisho la nyumbani lazima lihusike. Wapo mabinti wanaosafiri kwa viza ya utalii wakiambiwa "cheti kitakuja". Mzazi unayesoma hapa, kama husikii lolote kuhusu cheti hicho, usimpeleke mtoto uwanja wa ndege.

Upande wa chuo nao tuliuchungulia. Kanuni zao zinaruhusu kuahirisha mwaka, ukiomba kwa maandishi kabla ya muhula kuanza na kupata kibali mkononi. Kwa kozi nyingi hilo lingetosha. Uuguzi una ugumu wake: saa za wodini zinapangwa kwa kundi, ukikosa zamu ya wodi ya wazazi unasubiri kundi lijalo lifike hapo. Baada ya mwaka wa nne kuna mwaka wa mafunzo kazini na mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Mkono ukipoa mwaka mzima, kuchoma sindano na kusoma mapigo ya mtoto tumboni kunahitaji kuanza upya. Tena kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ambao haumsamehi aliyeacha njiani. Deni linabaki jina lako, uwe na shahada au huna.

Katika mazungumzo yetu yote, kilichoniamulia mimi kilikuwa nafasi yake uwanjani. Angekuwa mshambuliaji wa pembeni au mzuiaji wa kati, anayeruka mamia ya mara kwa wiki, ningesema labda nenda sasa, maana magoti yanahesabu. Yeye ni seta. Nimemtazama tangu akiwa kidato cha kwanza. Anaingia chini ya mpira mapema, bega la kulia limeelekea wavuni, viganja vinafunguka juu ya paji la uso, na mpira ukitoka vidoleni mwake hauzunguki hata kidogo, unaondoka kama ulivyofika. Mzuiaji wa upande wa pili hajui unakwenda wapi mpaka umeshakwenda. Ujuzi huo hauozi. Unaiva. Hélia Souza, Mbrazili ambaye dunia inamjua kwa jina la Fofão, alikuwa seta wa kikosi kilichochukua dhahabu Beijing 2008 akiwa na miaka 38, na aliendelea kucheza mpaka 2015, miaka 45. Seta anaamua kwa macho na kumbukumbu: nani amechoka, nani ana hasira, mpokeaji gani anatetemeka. Binti wa miaka 21 bado ana miaka mingi ya kujifunza hayo, na mwaka mmoja wa kucheza mechi za vyuo haumpunguzii kitu.

Hapa nitamtaja Janet Wanja, kwa heshima. Alikuwa seta wetu Athens 2004, kisha akacheza miaka mingi na Kenya Pipeline na timu ya taifa. Miaka 20 baadaye alikuwa Paris na Malkia Strikers kama mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Alijua jambo jingine zaidi ya kupanga mipira, na jambo hilo ndilo lililompeleka Olimpiki tena alipokwisha kuvua jezi. Tulimpoteza Desemba 2024, akiwa na miaka 40 tu. Mabinti wengi wa rika la mpwa wangu walilia, maana kwao alikuwa picha ya kwamba maisha ya mpira yanaweza kuendelea baada ya mpira.

Basi nilimwambia msimamo wangu bila kuzunguka. Umebakiza mwaka mmoja wa darasani. Ukiumaliza, utakwenda Ulaya ukiwa na miaka 22, seta mchanga bado, na klabu ikikurudisha baada ya siku kumi na nne utarudi ukiwa na shahada ya uuguzi. Ukienda leo na klabu ikakurudisha, utarudi mwanafunzi aliyechelewa mwenye deni. Wasipoandika bima ya goti, usitie saini hata wakiongeza mshahara mara mbili. Wakiiandika, na chuo kikikupa kibali cha kuahirisha kwa maandishi, uamuzi ni wako na mimi nitakusindikiza uwanja wa ndege wa Moi mwenyewe, na mama yako nitazungumza naye.

Dada yangu hakupenda sehemu ile ya mwisho. "Wewe umeshamfungulia mlango," aliniambia.

Nilimjibu, "Dada, mlango umefunguliwa na mikono yake. Sisi tunamwonyesha vizingiti."

Wakala alijibu baada ya wiki. Kodi wangeieleza. Haki ya msimu wa pili wangeifuta. Bima ya upasuaji klabu haikukubali. Walisema wachezaji wote wa mwaka wa kwanza wanapewa bima hiyo hiyo. Mpwa wangu alisoma, akalala nayo usiku mmoja, asubuhi akaandika mwenyewe, kwa adabu, bila kuniuliza niipitie barua. Alishukuru, akasema hatasaini kwa masharti hayo, akataja mwezi anaotarajia kumaliza masomo, na akaomba wamfikirie kwa msimu utakaofuata. Akaambatisha video ya seti moja nzima ya mechi ya vyuo, siyo vipande vya kung'aa tu, ili waone pia mipira aliyokosea. Nilipoiona nilijivunia kuliko ningeiona saini.

Wakala amesema klabu imeshapata seta mwingine kwa msimu huu, na amtumie mechi mpya kila zikichezwa. Huenda wakamkumbuka, huenda wasimkumbuke. Kocha wake wa chuo alinuna siku mbili, kisha akamwomba awe nahodha.

Sasa amepangiwa wodi katika hospitali ya kaunti karibu na kwangu, zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo anakaa nasi muhula mzima. Timu ya chuo iko mbali na anahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Mkuu wa shule yangu ameturuhusu kutumia uwanja Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, wavu mpya tunao, mipira minne mizuri tunayo. Tunachotafuta ni washambuliaji wawili au watatu wa kumpigia, wake kwa waume, wanaoweza kufika kwa wakati. Kama uko Pwani na unacheza, niandikie hapo chini.